Mechi mbili za Rod Dedeaux

Kumbukumbu za ligi kuu ya besiboli ya Marekani zina mstari mmoja mfupi juu ya Raoul Dedeaux, ambaye wengi walimjua kwa jina la Rod. Septemba 1935 aliichezea Brooklyn Dodgers mechi mbili. Alishika gongo mara nne, akapata pigo moja safi lililoingiza pointi moja, na hapo safari yake ya ligi kuu ikaishia. Mwaka uliofuata aliumia uti wa mgongo, akahangaika katika ligi ndogo hadi mwishoni mwa miaka ya 1930, kisha akaachana na uchezaji. Mtu huyohuyo aliifundisha timu ya Chuo Kikuu cha Southern California, USC, kuanzia 1942 hadi 1986, akashinda mechi 1,332, akapoteza 571 na kutoka sare 11, na akatwaa ubingwa wa vyuo wa Marekani mara 11. Hadi leo hajapatikana kocha wa besiboli ya vyuo vya daraja la kwanza aliyemkaribia kwa mataji. Augie Garrido na Skip Bertman, wanaotajwa mara nyingi baada yake, wana matano kila mmoja.

Mechi mbili kwa upande mmoja na mataji 11 kwa upande wa pili ni pengo linalostahili kufikiriwa na kila anayeajiri kocha, uwe mchezo wowote na nchi yoyote. Kwetu Afrika Mashariki, nafasi ya kocha wa soka ikiwa wazi, swali la kwanza kwenye vijiwe, redioni na mara nyingine ndani ya kamati zenyewe ni: alichezea wapi? Jina likiwa kubwa, nusu ya usaili imekwisha. Ninavyoona, swali hilo linapima kitu kisichohusika. Rekodi ya mtu uwanjani ni ushahidi dhaifu sana wa uwezo wake wa kufundisha, na maisha ya Dedeaux yanaonyesha vizuri kwa nini ni dhaifu. Sisemi kwamba mchezaji wa kawaida huwa kocha bora kuliko nyota. Ninachosema ni kwamba unyota hautuambii mengi, na kuna mambo mengine yanayotuambia zaidi ambayo hatuyaulizi.

Kwanza tuangalie alichokipata katika ule uchezaji wake mfupi. Dedeaux alicheza nafasi ya mlinzi kati ya besi ya pili na ya tatu, ambako karibu kila tukio la mchezo hupita. Mwenye nafasi hiyo hulazimika kujua kabla ya mpira kurushwa nani anakimbia, nani anachelewa, na mpira ukimjia ataupeleka wapi. Pili, kocha wa Dodgers mwaka ule wa 1935 alikuwa Casey Stengel, ambaye baadaye angeipa New York Yankees mataji saba, matano kati ya hayo mfululizo kuanzia 1949 hadi 1953. Wote wawili waliishi Glendale, California, na urafiki wao ulidumu hadi Stengel alipofariki mwaka 1975. Kwa maneno mengine, kijana aliyepata mechi mbili tu alipata pia mwalimu wa miaka 40. Ukimpima kwa takwimu za uchezaji utaziona zile mechi mbili, lakini yule mwalimu hutamwona, kwa sababu hakuna safu ya takwimu inayomwandika. Ingekuwapo, kamati nyingi za ajira zingebadilisha orodha zao kesho asubuhi.

Kuna jambo la tatu, nalo ni gumu zaidi kulithibitisha, ingawa naliamini. Mchezaji mwenye kipaji kikubwa mara nyingi hufanya vitu bila kujua anavifanyaje, kwa kuwa mwili wake unatangulia maelezo. Yule ambaye mwili wake haumtoshi hulazimika kuuvunja mchezo vipandevipande ili apate pa kujipenyeza: asimame wapi, atazame nini, aanze kukimbia lini. Ujuzi huo ndio unaoweza kuhamishwa kutoka mtu mmoja kwenda kwa mwingine. Dedeaux alijulikana kwa kusisitiza makosa ya akili kuliko makosa ya mikono. Kudondosha mpira ni jambo linalompata yeyote, lakini kutojua pa kuurusha baada ya kuudaka ni uzembe unaotibika kwa kufundishwa. Timu zake zilifundishwa hivyo, huku zikicheka, maana alikuwa mtu wa mizaha aliyemwita karibu kila mtu "Tiger". Huo si mtazamo wa mtu aliyeamini kwamba mpira huzaliwa nao.

Matokeo yanaonekana kwa waliopita mikononi mwake. Tom Seaver alikuwa mrushaji wa chuo kidogo cha Fresno ambaye hakuna aliyemgombania. Dedeaux alimwahidi ufadhili wa masomo kwa sharti kwamba kwanza aende Alaska kiangazi cha 1964, akajipime kwa timu ya Goldpanners ya Fairbanks. Alifaulu, akaichezea USC msimu wa 1965, na akamaliza maisha yake ya ligi kuu na ushindi wa mechi 311. Fred Lynn alikuja USC kwa ufadhili wa mpira wa miguu wa Kimarekani, akahamia besiboli, na mwaka 1975 akiwa na Boston Red Sox akachaguliwa kuwa mchezaji chipukizi bora na mchezaji bora wa ligi yake katika msimu mmoja, jambo ambalo hakuna aliyekuwa amelifanya kabla yake. Randy Johnson, mrushaji mrefu kama mnazi aliyesumbuliwa na kukosa shabaha, alikaa USC miaka mitatu, na alipostaafu alikuwa na ushindi wa mechi 303. Siwezi kudai kwamba Dedeaux ndiye aliyewaumba. Lakini kumtambua Seaver kabla ya wengine, na kumtafutia mahali pa kumjaribu bila kumharibia jina, ni kazi ya kocha, na kazi hiyo haihitaji uwe umewahi kupiga mpira ukavuka uzio.

Wanaompenda Dedeaux hupenda kusimulia nusu fainali ya 1973 pale Omaha, Nebraska, yanakofanyika mashindano ya ubingwa wa vyuo. Minnesota walikuwa wakiongoza kwa pointi 7 kwa bila hadi mwanzo wa zamu ya tisa, ambayo ndiyo ya mwisho, na mrushaji wao, Dave Winfield, alikuwa amekwisha kuwatoa wapigaji 15 kwa mirusho yake peke yake. USC wakapata pointi nane katika zamu hiyo moja wakashinda 8 kwa 7, kisha wakachukua ubingwa. Ni hadithi tamu, ila mimi siitegemei. Mechi moja ina bahati nyingi mno: mkono wa Winfield ulichoka, na siku nyingine usingechoka. Ushahidi wenye uzito ni ule wa miaka mingi. Mwanafunzi hukaa chuoni miaka mitatu au minne, kisha huondoka. USC walikuwa mabingwa mwaka 1948, wakawa mabingwa 1958, 1961, 1963 na 1968, wakachukua mataji matano mfululizo kuanzia 1970 hadi 1974, na jingine 1978. Katika miaka hiyo 30 wachezaji walibadilika wote, tena zaidi ya mara moja. Aliyebaki mahali pake ni kocha.

Hapa mpinzani wa hoja yangu atanyanyua mkono. Atasema kocha alibaki, lakini na Los Angeles ilibaki vilevile. Jua la California linawawezesha vijana kucheza mwaka mzima wakati wenzao wa kaskazini wamefungiwa ndani na theluji. Jiji ni kubwa, shule ni nyingi, vipaji vinaokotwa barabarani. Nani asingeshinda huko? Ni pingamizi la haki, na jibu lake liko kilomita chache kutoka USC. Chuo cha UCLA kiko katika jiji lilelile, chini ya jua lilelile, kikiwasaka vijana walewale, tena kwa kuwa ni chuo cha umma ada yake ilikuwa nafuu. UCLA hawakutwaa ubingwa wa besiboli hata mara moja hadi mwaka 2013. Kwa hiyo vipaji vilikuwa sharti la lazima, lakini havikutosha. Haki inanidai niongeze kwamba hata kwa Dedeaux mwenyewe havikutosha kila mara. Timu ya Marekani aliyoiongoza kwenye Olimpiki ya 1984, hapohapo Los Angeles, ilikuwa na Mark McGwire, Will Clark na Barry Larkin, na bado ilifungwa na Japani 6 kwa 3 katika fainali.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: mtu mmoja si sheria. Kwa kila Dedeaux kuna mamia ya wachezaji wa mechi mbili ambao pia walishindwa ukocha na hakuna anayeandika habari zao. Kweli kabisa. Ndiyo maana nasema rekodi ya uchezaji haituambii mengi kwa upande wowote, na ndiyo maana inafaa kuangalia zaidi ya mtu mmoja. Chukua klabu ileile aliyoichezea Dedeaux. Kuanzia 1954 hadi 1996, katika Brooklyn na baadaye Los Angeles, Dodgers waliongozwa na watu wawili tu. Wa kwanza, Walter Alston, alicheza mechi moja katika ligi kuu, mwaka 1936, akashika gongo mara moja na kutolewa bila kuugusa mpira vizuri. Kwa miaka mingi, msimu ulipokwisha, alirudi Ohio kufundisha shule. Alileta mataji manne, likiwemo lile la 1955 ambalo watu wa Brooklyn walikuwa wamelisubiri hadi wakakata tamaa. Wa pili, Tommy Lasorda, alirusha mpira katika mechi 26 za ligi kuu bila kuandikiwa ushindi hata mmoja, kisha kama kocha akaleta mataji mawili. Klabu tajiri, yenye uwezo wa kumwita nyota yeyote, ilikaa mikononi mwa wachezaji walioshindwa kwa zaidi ya miaka 40, na haikujuta.

Mweke kando yao Ted Williams, ambaye wengi humhesabu kuwa mpigaji bora kupata kutokea. Aliteuliwa kuiongoza Washington Senators mwaka 1969, na mwaka wa kwanza alifanya vizuri kiasi cha kutunukiwa kuwa kocha bora wa ligi yake. Kisha timu ikaporomoka kila mwaka, hadi 1972, ikiwa imehamia Texas, ilipofungwa mechi 100. Timu yenyewe ilikuwa dhaifu, sitaki kumwonea. Lakini kama ukubwa wa uchezaji ungekuwa mtaji wa ukocha, mtaji huo ungekuwa umeonekana kwake kuliko kwa mtu yeyote.

Je, wale nyota waliofaulu? Wapo, na kuwaficha kungekuwa udanganyifu. Joe Torre alikuwa mchezaji bora wa ligi yake mwaka 1971, na baadaye akaipa Yankees mataji manne. Ila kabla ya hapo alifukuzwa na klabu tatu, na alipofika New York alikuwa amekwisha kuongoza timu kwa miaka mingi na kufungwa mara nyingi kuliko alivyoshinda. John Wooden, aliyekuwa UCLA miaka ileile ya Dedeaux na akatwaa mataji 10 ya mpira wa kikapu, alikuwa mchezaji mahiri ajabu katika ujana wake; pia alikuwa mwalimu wa Kiingereza wa sekondari kwa miaka mingi kabla ya kuwa maarufu. Kwa wapenzi wa soka, Zinedine Zidane alitwaa Ligi ya Mabingwa mara tatu mfululizo akiwa na Real Madrid, lakini alianza kwa kuwa msaidizi wa Carlo Ancelotti, kisha akafundisha kikosi cha pili cha klabu hiyo. Kila mmoja wao alipitia uanafunzi wa ualimu. Kinachowaunganisha na Dedeaux ni uanafunzi huo, wala si medali za uchezaji, maana Dedeaux hakuwa nazo.

Wengine watasema kwamba mchezaji hamsikilizi kocha ambaye hakuwahi kufanya anachomwagiza. Heshima ya chumba cha kubadilishia nguo, wanasema, haipatikani kwa vyeti. Nakubali kwamba jina kubwa hufungua masikio siku ya kwanza. Lakini vijana ni wepisi kutambua nani anawasaidia. Wiki chache zikipita bila mchezaji kuona anaboreka, jina la kocha huwa limekwisha kazi, na akiona anaboreka hatauliza tena mtu huyu alicheza mechi ngapi. José Mourinho hakucheza soka la juu, na wachezaji waliokuwa naye Porto mwaka 2004 hawakuonekana kusumbuliwa na jambo hilo walipokuwa wakiinua kombe la Ulaya.

Pingamizi linaloniumiza kichwa ni jingine kabisa, nalo ni la fedha. Dedeaux alikuwa tajiri. Alianzisha kampuni ya malori kwa mtaji ambao kwa kawaida hutajwa kuwa dola 500, ikakua ikawa biashara kubwa ya usafirishaji, na chuo kilimlipa mshahara wa jina tu. Alikataa kuhamia kwenye timu za kulipwa kwa sababu hakuwa na haja nazo. Mtu asiyetegemea kazi hana hofu ya kufukuzwa, na mtu asiye na hofu anaweza kumwacha chipukizi akosee mwezi mzima ili ajifunze. Tazama pia subira aliyopewa. Taji la 1948 lilipatikana akishirikiana na Sam Barry, mkuu wake, dhidi ya timu ya Yale ambayo nahodha wake alikuwa George Bush, aliyekuja kuwa rais wa Marekani mwaka 1989. Barry alipofariki mwaka 1950, Dedeaux akabaki peke yake, na taji lake la kwanza akiwa peke yake lilikuja 1958. Ni msimu wa nane huo. Klabu gani ya Dar es Salaam au Nairobi ingemvumilia kocha misimu saba bila ubingwa? Hata vyuo vikubwa vya Marekani vya leo, vinavyomlipa kocha wa besiboli zaidi ya dola milioni moja kwa mwaka, visingemvumilia.

Kwa hiyo nakiri kwamba sehemu ya mafanikio yake haiwezi kuigwa na mtu anayehitaji mshahara ili ale. Na mwisho wake haukuwa wa utukufu. Baada ya 1978 hakutwaa ubingwa tena, ingawa aliendelea miaka minane zaidi. Umri ulichangia bila shaka, lakini sheria nazo zilibadilika: katika miaka ya 1970 chama cha michezo ya vyuo, NCAA, kiliweka ukomo wa ufadhili wa masomo kwa timu za besiboli, na chuo binafsi chenye ada kubwa kama USC kikaumia kuliko vyuo vya umma. Tena ukimsifu kocha kwa wanafunzi wake, huwezi kuchagua unaowataka. McGwire alikuja USC akiwa mrushaji, akageuzwa kuwa mpigaji kwa mchango mkubwa wa wasaidizi wa Dedeaux, akavunja rekodi kwa mapigo 70 ya nje ya uwanja katika msimu wa 1998, na mwaka 2010 akakiri kwamba alitumia dawa za kuongeza nguvu. Sidhani kocha wa chuo anabeba lawama hiyo, lakini basi na sifa za mapigo yenyewe tusimrundikie zote. Kipimo salama zaidi ni kile alichokiacha mahali pake. Aliyemrithi mwaka 1987 alikuwa Mike Gillespie, mchezaji wake katika kikosi cha ubingwa cha 1961, ambaye hakuwahi kufika ligi kuu. Mwaka 1998 Gillespie aliiletea USC taji la 12.

Mjadala huu sasa umepata jaribio jipya. Oktoba 2025 San Francisco Giants walimwajiri Tony Vitello kuwa kiongozi wa timu yao ya ligi kuu, wakimtoa moja kwa moja Chuo Kikuu cha Tennessee, alikoshinda ubingwa wa vyuo mwaka 2024. Vitello alicheza chuoni Missouri na kuishia hapo. Hana mechi hata moja ya kulipwa, wala kabla ya hapo hakuwahi kufundisha timu ya kulipwa. Kwa mechi za ligi kuu, ana mbili pungufu ya Dedeaux. Akishindwa, nina hakika watu watasema hiyo ndiyo sababu. Lakini ratiba ya ligi kuu ni mechi 162 kwa watu wazima wenye mikataba ya mamilioni, na maisha hayo hayafanani na ya wanafunzi wa miaka 20 wanaomtii kocha aliyewachagua mwenyewe. Kama kuna la kuhofia kwake, ni kwamba hadi anaajiriwa hakuwa amewahi kufundisha watu wa aina hiyo. Hofu hiyo ni halali kabisa, na ina maana zaidi kuliko kuuliza kama aliwahi kuwa mmoja wao.

Huku kwetu besiboli bado ni changa. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikwenda Williamsport, Pennsylvania, wakawa timu ya kwanza kutoka Afrika kushiriki mashindano ya dunia ya Little League. Mchezo ambao ukanda huu hauna magwiji waliostaafu hauwezi kuchagua makocha kwa umaarufu hata ukitaka. Katika soka tunaweza, na ndiyo maana tunakosea. Kamati inayoketi kumchagua kocha ingeanza na maswali mengine: alijifunza kwa nani, na kwa muda gani? Wachezaji aliowakuta walikuwa wapi, na alipoondoka walikuwa wamefika wapi? Wangapi kati yao sasa wanafundisha? Baada ya hapo, kama muda umebaki, wamuulize alichezea wapi.